SOMO: WAIPA ZA GARI LA CHAMA

Gari la Chama ni mali ya wanachama wote, kama zilivyo mizani na ghala. Lakini mizani ikiharibika, mkulima hupunjwa kilo chache. Waipa zikiharibika, dereva, utingo na mazao yaliyo nyuma yao huweza kupotea katika kona moja ya barabara. Hata hivyo, mara nyingi matairi hukaguliwa na breki hujaribiwa, bali waipa husahauliwa mpaka mvua inyeshe. Somo hili lahusu magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi, kama vile Land Rover za Series III zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, ambazo baadhi yake zingali zikitembea.

Chombo hiki si kipya. Mwaka 1903 mwanamke wa Marekani, Mary Anderson, alipewa hataza ya kifaa cha kufutia kioo kilichoendeshwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Tangu hapo mota imechukua nafasi ya mkono, lakini kanuni ni ile ile: ukingo wa mpira ulio laini, ukikandamizwa sawasawa juu ya kioo safi.

1. Kuutafuta ugonjwa kabla ya dawa

Vipuri visinunuliwe kwa kubahatisha. Kioo kiloweshwe maji, waipa ziwashwe na kutazamwa. Kisha zizimwe, mikono yake iinuliwe isiguse kioo, ziwashwe tena. Zikienda polepole hata zikiwa hewani, kasoro imo katika mota, mitambo au umeme. Zikienda vyema hewani lakini zikishindwa juu ya kioo, yafaa kuanza na mpira na kioo, kwa kuwa gharama yake ni ndogo. Ikiwa mota yasikika lakini mkono mmoja haujongei, nati ya mkono huo itazamwe: huenda imelegea, au meno yake yamelika.

2. Mpira, kioo na mkono

Jua huharibu mpira kuliko kazi. Gari lililosimama uani kiangazi kizima laweza kuwa na mpira uliokauka na kupasuka bila ya kufuta hata tone moja. Mpira uliochanika huacha mistari ya maji. Huo hautengenezeki, hubadilishwa.

Kioo kikibaki na ukungu baada ya kufutwa, kina mafuta ya moshi na ya barabarani. Kioshwe kwa maji na sabuni, kisha kipanguswe kwa spiriti. Ukingo wa mpira nao upanguswe kwa kitambaa chenye spiriti. Petroli, mafuta ya taa na oili visipakwe kwenye mpira, maana huuvimbisha na kuuoza. Wala waipa zisiwashwe juu ya kioo kikavu chenye vumbi, kwani mchanga hukwaruza kioo, na mikwaruzo haifutiki.

Waipa ikirukaruka na kupiga kelele hali mpira ni mpya, mkono wake umepinda. Mpira husimama wima juu ya kioo, ukalala kidogo kila unapogeuka. Mkono ukipinda, mpira hulala upande mmoja tu. Mkono unyooshwe polepole kwa koleo. Ikiwa waipa yaruka sehemu fulani ya kioo, springi ya mkono imechoka, ama viungo vinavyoushika mpira vimelegea.

3. Mitambo na umeme

Katika Land Rover iliyotajwa, mota huvuta na kusukuma waya mzito wenye meno ndani ya bomba, nao huzungusha visanduku vidogo vya gia vilivyo chini ya kioo. Grisi ya zamani hukauka ikawa kama gundi. Waya huo utolewe, usafishwe kwa mafuta ya taa, ukaushwe na kupakwa grisi mpya. Mikono inaporudishwa, mota iwashwe na kuzimwa kwanza ili isimame yenyewe mahali pake pa kupumzikia, ndipo mikono ifungwe.

Mitambo ikiwa laini na mwendo ungali mzito, umeme upimwe kwenye mota waipa zikiwa kazini, kisha upimwe kwenye betri. Tofauti ikizidi kama volti 1, kuna kiungo kichafu au chenye kutu. Aghalabu ni waya unaounganisha mota na bodi ya gari. Viungo vikwanguliwe na kukazwa. Fyuzi ikiungua, sababu itafutwe. Kuweka kipande cha waya mahali pake ni kualika moto.

4. Wajibu wa Katibu na Kamati

Mvua hainyeshi kwa kungoja tarehe ya kikao. Kwa hiyo yafaa Kamati impe Katibu idhini, iliyoandikwa katika kumbukumbu, ya kununua mpira wa waipa kwa fedha ndogo za ofisi kila kabla ya msimu wa mvua, kwa stakabadhi na vocha. Mpira wa zamani uoneshwe kabla mpya haujatolewa stoo, na tarehe iandikwe katika kitabu cha gari.

Aidha, dereva aandikapo kwamba waipa hazifanyi kazi, asilazimishwe kuondoka mvuani kwa sababu mazao yanangojewa. Mzigo uliochelewa siku moja hufika. Uliopinduka haufiki, na utingo hana wa kumfidia mama yake.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

(a) Waipa za gari la Chama chetu zilikaguliwa lini, na nani aliandika?
(b) Dereva akikataa safari kwa sababu ya waipa mbovu, nani huamua?
(c) Mpira mmoja wauzwa bei gani mjini, na kioo kizima je?