Moto Unapopotelea

Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka nchini Somalia, watu wa Barawa na Mogadishu walipanda vyombo wakashukia Mombasa. Wengi waliwekwa kambi ya Utange, bara ya kaskazini. Wako pia waliopokewa na jamaa zao kisiwani Mombasa. Aliyekimbia na kuacha kila kitu hununua moto kila siku, kopo kwa kopo la mkaa. Basi tuulize: chungu chake kinataka joto kiasi gani?

Lita moja ya maji, kuipandisha nyuzi joto moja, hutaka kilojuli 4.2 hivi. Maji ya Mombasa yana nyuzi kama 28; hadi 100 ni nyuzi 72, yaani kilojuli 300 na kidogo. Kilo ya mkaa mzuri ina kilojuli 29,000 hivi. Kwa hesabu hiyo ingechemsha lita tisini na zaidi! Hakuna mpishi aliyeona hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya joto haifiki sufuriani.

Seredani ya bati tupu huvujisha joto mbavuni. Ukikaa karibu nayo, magoti yanaungua, na joto hilo limenunuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walichukua mfano wa jiko la Thailand wakatia udongo uliochomwa ndani ya bati. Udongo hupitisha joto polepole kuliko chuma, kwa hiyo makaa hubaki na joto lake na kulimulika kwenye kitako cha sufuria. Mpishi anayelijua jiko hilo huokoa thuluthi ya mkaa, pengine zaidi.

Tena kuna mvuke. Maji yakishachemka hayapandi nyuzi zaidi, hata uchochee vipi. Maharagwe hayaivi upesi kwa kutokota kwa fujo. Lita moja ikigeuka mvuke hula kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba ya zile za kuichemsha. Mama wa Mji wa Kale anayefunika wali wa nazi, akapunguza moto na kupalia makaa juu ya kifuniko, anaitumia fizikia hii barabara.

Kwa hiyo anayewagawia wakimbizi majiko agawe na vifuniko. Udongo hupasuka ukimwagiwa maji ungali moto, basi lichaguliwe jiko ambalo fundi wa karibu aweza kulitengeneza kwa bei ya mkimbizi. Na udongo hauzuii kaboni monoksaidi, hewa ya mkaa isiyo na harufu inayoua. Jiko likolezwe uani, na usiku lisiingizwe chumbani hata makaa yakionekana yamezimika.