Kucha na Afya: Mfano wa Funza

Malengo: Baada ya somo hili uweze kutaja dalili za kiafya zinazoonekana kwenye kucha, na kueleza jinsi funza alivyoenea na anavyozuiwa.

Maelezo
Kucha hukua kutoka kwenye shina lililofichwa chini ya ngozi. Kucha ya mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi. Ya mguu hukua polepole zaidi. Kwa hiyo, tatizo lililoanza miezi iliyopita huweza kuonekana leo.

Dalili za kukumbuka
- Nyama ya chini ya kucha kupauka: huenda damu imepungua.
- Kucha kubonyea kama kijiko: huenda mwili umekosa madini ya chuma.
- Kucha kuwa nene, ya njano na kumeguka: mara nyingi ni fangasi.
- Ncha za vidole kuvimba na kucha kujikunja: huenda ni maradhi ya mapafu au moyo.

Mfano: funza (tekenya)
Uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati, kando ya kucha ya mguu, ni alama ya funza. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 alifika Angola kwa meli iliyotoka Brazil, kisha akavuka bara miguuni mwa watu. Wapagazi wengi walitembea pekupeku. Mayai yalidondoka kambini na kukua vumbini. Njia ya misafara ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo ikawa njia yake pia. Kabla ya karne ya 19 kuisha, alikuwa amefika Zanzibar.

Jike hujichimbia ngozini, hunyonya damu na kuvimba kwa mayai. Funza wakiwa wengi, shina la kucha huharibika. Kucha hupinda au hung'oka. Vijidudu vya pepopunda huweza kuingia kupitia kidonda.

Zingatia
Usichangie pini wala mwiba wa kutolea funza: huweza kuambukiza homa ya ini na VVU. Nenda zahanati. Vaa viatu, osha miguu kwa sabuni, mwagia maji sakafu ya vumbi. Usimcheke mwenye funza. Anayechekwa huficha miguu chini ya dawati, na mwishowe huacha shule.

Maswali
1. Kwa nini kucha huonesha tatizo la miezi iliyopita?
2. Eleza jinsi misafara ilivyomweneza funza.
3. Mwenzako ana kucha zilizopauka. Je, inatosha kusema ana upungufu wa damu?

Dokezo (swali la 3): Hapana. Dalili hutuma mtu kupima. Kipimo cha damu ndicho huthibitisha.