Vidole Kwanza, Kalamu Baadaye

Mzazi wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, anayemshikisha mtoto wa miaka 3 penseli na kumtaka aandike jina lake ana nia njema, ila ameanzia mwisho. Kiungo kati ya mkono na kiganja kina mifupa midogo 8, na kwa kawaida mtoto huzaliwa yote ikiwa bado gegedu laini. Hukomaa polepole kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtoto huyo hushika penseli kwa ngumi, hukandamiza karatasi mpaka ichanike, kisha huchoka na kulia. Si mvivu. Vidole vyake vinahitaji kazi nyingine kwanza, na kazi hiyo imejaa tele nyumbani.

Chukua unga wa chapati. Unapokanda, mkatie tonge dogo. Mwache alifinye, aliviringishe kwa viganja mpaka litoke nyoka, alikate vipande, atoboe macho ya nyoka kwa kidole cha shahada. Usimrekebishie. Kule kufinya na kuviringisha ndiko kunakotia nguvu misuli itakayoishika kalamu baadaye. Na tafadhali, wavulana wasifukuzwe jikoni: wao pia wataandika.

Mchanga uko mlangoni. Achore mistari na duara kwa kidole au kijiti. Akikosea, anafuta kwa kiganja na kuanza upya bila kuogopa mtu. Kama ana kaka anayesoma duksi, yaani chuo cha Kurani, na kuandika kwenye loho, ule ubao wa mbao, ataiga mwenyewe bila kusukumwa.

Halafu kuna shanga. Hapa Isiolo si vigumu kumpata bibi wa Kiborana, Kisamburu au Kiturkana anayejua kuzitunga. Mwombe amfundishe mtoto. Mtoto wa miaka 3 aanze na shanga kubwa, au vifuniko vya plastiki vilivyotobolewa, na kamba ya kiatu yenye ncha ngumu. Mtazame anavyofanya: mkono mmoja umeshikilia shanga, mwingine unasukuma kamba, jicho halibanduki tunduni, ulimi umetoka nje. Kisha anabadilisha vidole ili aivute kamba upande wa pili. Mikono miwili kufanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja ni ufundi mkubwa kwa umri huo.

Lakini aliye chini ya miaka 3 asiachiwe shanga ndogo, maharagwe makavu wala njugu, humkaba koo. Betri bapa za saa ni hatari zaidi, kwani huunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Akimeza, mkimbize hospitali papo hapo, hata kama haonyeshi dalili yoyote.

Asubuhi, mwamshe mapema kidogo ili afunge vifungo mwenyewe. Maria Montessori, daktari aliyefungua shule katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, aliwazoeza watoto kufunga vifungo na kamba kama sehemu ya masomo yao.

Kwa kawaida, mtoto wa mwaka 1 huokota punje ya wali kwa gumba na kidole cha shahada. Wa miaka 3 huchora duara akionyeshwa. Kwenye miaka 4, umri wa kuingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, wengi huacha kushika penseli kwa ngumi. Watoto hupishana, kwa hiyo asilinganishwe na wa jirani kila siku.

Yapo mambo yasiyofaa kusubiriwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka na anatumia mkono mmoja tu, anayekunja ngumi moja muda wote, au aliyekuwa akiweza jambo kisha akaliacha, apelekwe kliniki pamoja na kijitabu chake cha afya. Mweleze muuguzi ulichokiona, na uombe aonwe na mtaalamu wa tiba ya viungo. Usingoje afike darasani.