TUSOME RIPOTI YA MTOTO

Mtoto akileta ripoti ya shule, wengi wetu tunatazama nafasi tu. "Wa 5 kati ya 60!" Tunafurahi, tunaiweka sandukuni. Lakini nafasi inatuambia kawapita wangapi, basi. Darasa zima likishindwa, hata wa kwanza kashindwa.

Tutazame alama. Katika mtihani wa Taifa wa kumaliza shule ya msingi, kila somo lina alama 50. Apataye 41 hadi 50 ana A. B ni 31 hadi 40. C ni 21 hadi 30. D ni 11 hadi 20, na chini ya hapo ni E. Sasa huyo wa 5 wetu kapata Hisabati 14. Kumbe ni D!

Hapo twende shuleni tumwulize mwalimu: kashindwa mada zipi? Tuombe na daftari. Daftari lisilosahihishwa mwezi mzima nalo ni ripoti, tena ya shule, siyo ya mtoto.

Na fedha je? Ruzuku ya Serikali huingia katika akaunti ya shule. Katika mkutano wa wazazi tuna haki ya kuuliza: zimeingia shilingi ngapi, zimenunua nini? Huo siyo ugomvi. Mwalimu mkuu mzuri hubandika hesabu ukutani kabla hajaulizwa. Na kama mkutano haujaitwa mwaka huu, wajumbe wa kamati ya shule ni majirani zetu. Nyumba zao tunazijua.