Aliyesimama Mbele ya Wavu: Huang Yaqiong na Usalama wa Jicho

Tarehe 2 Agosti 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, Huang Yaqiong na Zheng Siwei wa China waliishinda jozi ya Korea Kusini, Kim Won-ho na Jeong Na-eun, kwa seti mbili za 21–8 na 21–11, wakatwaa medali ya dhahabu ya mpira wa vinyoya kwa wawili mchanganyiko. Makala haya yanamtazama Huang kwa jicho la tabibu, kwa sababu mahali anaposimama uwanjani ndipo palipo na hatari ambayo walimu wetu wa michezo hawajaizungumzia vya kutosha.

Huang alizaliwa tarehe 28 Februari 1994 katika mji wa Quzhou, jimbo la Zhejiang. Mwaka 2017, akicheza na Lu Kai, alitwaa ubingwa wa mashindano makongwe ya All England. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliunganishwa na Zheng, aliye mdogo kwake kwa miaka mitatu, na kwa pamoja wakawa mabingwa wa dunia mwaka 2018 mjini Nanjing, 2019 mjini Basel na 2022 mjini Tokyo. Katikati ya mafanikio hayo lipo pigo moja: fainali ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa Julai 2021, waliipoteza kwa Wachina wenzao, Wang Yilyu na Huang Dongping, seti ya tatu ikiisha kwa 21–19. Dhahabu ya Paris ilisubiriwa miaka mitatu. Zheng alijiondoa katika mashindano ya kimataifa mwishoni mwa mwaka 2024.

Katika mchezo huu desturi ni mwanamume kukaa nyuma akipiga mapigo ya nguvu, na mwanamke kutawala eneo la wavu. Wako wanaodhani kwamba aliye mbele amepewa kazi nyepesi. Sivyo hata kidogo. Kinyoya humjia kutoka mbele kwa wapinzani na kutoka nyuma kwa mwenzake, na nafasi ya kukikwepa ni ndogo mno. Mapigo ya wachezaji wakubwa hutoka kwenye raketi kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Ni kweli kwamba hewa hukipunguza kinyoya kasi upesi, lakini kwa mtu aliye hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, kope huenda zisiwahi kufumba.

Hapa maumbile yanatuonya. Kinyoya kina uzito wa gramu 5 hivi, na kwa sababu hiyo watu hukidharau. Lakini kichwa chake cha mviringo kina upana wa milimita 25 hadi 28, nalo jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi. Mpira wa miguu kwa sehemu kubwa huzuiwa na mifupa ya paji na shavu. Kinyoya hupita katikati ya mifupa hiyo na kuligonga jicho lenyewe. Jicho likibonyezwa ghafla, mishipa midogo ya damu ndani yake huweza kupasuka, lenzi ikahama au kufanya mtoto wa jicho, na retina ikachanika au kubanduka.

Madaktari wa macho wa nchi za Asia, ambako mchezo huu una wachezaji wengi, wameona kwamba majeraha mengi ya aina hii hutokea katika mchezo wa wawili, na kwamba mara nyingi aliyepiga kinyoya ni mwenzake majeruhi. Sababu yake ni rahisi: aliye mbele hugeuza uso kutazama nyuma. Hilo ndilo kosa ambalo wachezaji wa kiwango cha Huang hufunzwa kuliacha. Macho hubaki kwa mpinzani, raketi huinuliwa mbele ya kifua na uso, na mwenzake aliye nyuma huaminiwa bila kutazamwa. Kwa maoni yangu, hili lifundishwe siku ya kwanza, kabla hata ya kuanzisha mpira.

Mwalimu wa Ipinda au Matema anayetaka kuuanzisha mchezo huu anahitaji wavu, raketi na uwanja tambarare, na tambarare Kyela haina upungufu nayo. Uwanja uelekezwe kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpofushe mchezaji. Mchezo wa asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujavuma, ni bora, kwani kinyoya kinachopeperushwa humfanya mtoto ageuke kukitafuta. Miwani ya kinga ya polikaboneti ni bora zaidi, ingawa wachezaji wengi wa kimataifa hawaivai. Miwani ya kawaida ya kioo ni hatari, kwa kuwa huvunjika.

Jicho likigongwa, lisisuguliwe, lisibonyezwe, wala lisitiwe dawa yoyote ya mitishamba. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha karatasi, kisha majeruhi akae kichwa kikiwa juu. Kwa maumivu apewe paracetamol. Aspirini na ibuprofeni ziepukwe, maana huzidisha kuvuja damu. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama anaona vizuri. Damu inayojikusanya mbele ya mboni huweza kuonekana kama mstari mwekundu mwembamba tu, kisha ikavuja upya siku chache baadaye, kwa wingi zaidi. Maumivu makali pamoja na kutapika ni dalili kwamba shinikizo ndani ya jicho limepanda. Safari ya rufaa kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Mbeya inazidi kilomita 100, hivyo uamuzi wa kuondoka usingoje asubuhi.

Mwenye selimundu, hata aliyerithi vinasaba vyake kwa mzazi mmoja tu, amweleze daktari mapema. Seli zake nyekundu hubadilika umbo ndani ya jicho na kuziba njia za maji yake, hata shinikizo dogo likaweza kuudhuru mshipa wa fahamu wa kuona. Na aliyepona apimwe shinikizo la jicho kila mwaka, kwa kuwa glakoma itokanayo na pigo huweza kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati majeruhi amekwisha kuisahau siku ile ya mchezo.