Dawa Huvukaje Mpaka wa Ubongo?

Sisi wa Busia na Malaba twajua mpaka ni nini. Lori lenye shehena hupanga foleni likaguliwe. Boda boda, iliyoanzia papa hapa mpakani, hupenya upesi. Mwilini pia mna mpaka, kati ya damu na maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kuta za vijishipa vya hapo zimebanana sana. Huzuia sumu isifike ubongoni, lakini dawa nazo huzuiwa.

Bakteria wakiingia katika maji hayo, utando wa ubongo huvimba. Hiyo ndiyo homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1989 ilizuka Nairobi, watu zaidi ya 3,000 wakaugua.

Je, dawa huvukaje? Kloramfenikoli huyeyuka katika mafuta, kwa hivyo hupita kama boda boda. Siku hizi haitumiki sana, kwani bakteria wengi wameizoea na yaweza kudhuru uboho. Penisilini ni lori. Kwa mtu mwenye afya huingia kidogo mno, na hata hicho kidogo hurudishwa kwenye damu. Utando ukivimba, kuta hulegea, nayo ikapata njia. Hata hivyo, inayofika ni sehemu ndogo tu ya ile iliyo katika damu. Ndiyo maana daktari hudunga sindano ya mshipa, tena dozi kubwa. Seftriaksoni, kwa mfano, mtu mzima hupewa hadi gramu 4 kwa siku.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Mgonjwa akianza kupona, uvimbe hupungua na mpaka hujifunga tena! Dozi ikipunguzwa eti kwa sababu ameanza kula na kucheka, dawa haitavuka, na bakteria waliosalia watazaliana. Dozi hubaki ileile hadi siku ya mwisho.

Basi, mtoto akishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akatapika, akaogopa mwanga au akapata degedege, tusikimbilie vidonge viwili vitatu vya amoksilini dukani. Hivyo havitoshi kuvuka. Twendeni hospitali mara moja, iwe Kocholya au ile ya Rufaa ya Busia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Maswali
1. Kwa nini penisilini huvuka zaidi wakati wa ugonjwa?
2. Mgonjwa ameamka na kuomba uji. Mweleze mamake kwa nini sindano ziendelee.