Lugha ya Alama: Maana Iliyomo Mikononi, Usoni na Katika Nafasi

Wapo wanaodhani kwamba kiziwi anapozungumza kwa mikono huigiza tu vitu. Sivyo. Lugha ya alama ni lugha kamili, yenye msamiati na sarufi yake. Mwaka 1960, William Stokoe wa Chuo cha Gallaudet nchini Marekani alionesha kwamba alama hujengwa kwa vipande vidogo: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Kipande kimoja kikibadilika, maana nayo huweza kubadilika, kama "pika" linavyotofautiana na "pita" kwa sauti moja tu.

Nafasi iliyo mbele ya mwili nayo hubeba maana. Msimulizi huweza kumweka muuguzi upande wa kulia na mama upande wa kushoto. Alama ya kupa ikitoka kulia kwenda kushoto, muuguzi amempa mama. Ikirudi, mama ndiye aliyempa muuguzi. Kazi hiyo Kiswahili huifanya kwa viambishi: "nimempa", "amenipa".

Uso na kichwa ni sehemu ya sarufi, si pambo. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikiinuliwa kauli huwa swali. Kichwa kikitikiswa, kauli hukanushwa. Hapo ndipo penye hatari. Mhudumu wa zahanati anayeinamia daftari wakati mgonjwa akijieleza aweza kuiona alama ya maumivu, asione kwamba mgonjwa ameyakanusha. Tiba itakayofuata yaweza kuwa ya ugonjwa usiokuwepo.

Lugha ya Alama ya Tanzania ina alama zake, na lugha za alama za nchi nyingine hutofautiana nayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi wanachama kuzitambua na kuziendeleza lugha za alama.

Basi katika Kata ya Buhongwa, anayemhudumia kiziwi zahanatini, ofisini au sokoni asimame penye mwanga na amtazame usoni. Akiwapo mkalimani, maneno yaelekezwe kwa kiziwi mwenyewe. Mzazi mwenye mtoto kiziwi asingoje umri wa shule: mtoto aanze mapema kujifunza lugha ya alama, na jamaa wa nyumbani wajifunze pamoja naye, ili apate wa kuzungumza naye.